Miche Niliyoing'oa Mwenyewe

Jumanne jioni

Si ndama wa Mama Shija, yule mfugaji aliyehamia hapa. Ni mimi niliyeng'oa miche ya msitu wetu mdogo hapa Mazwi, na sijamwambia mtu.

Jumapili baada ya misa niliikuta imebanana kama ulezi uliomwagika. Mikono ikaniwasha. Nikaipunguza, kama ninavyopunguza ulezi tangu usichana wangu, na niliyong'oa nikaifukia kwenye tuta langu pamoja na majani. Kumbe wataalamu waliotupandisha walitaka ibanane hivyohivyo, ikimbizane kwenda juu!

Leo mwenyekiti wa mtaa amemfokea Mama Shija mbele ya watu, eti ndama wake wamekula miche: "Chukua ng'ombe wako urudi ulikotoka!"

Mama Shija akanigeukia mimi. "Bibi, wewe unanijua. Waambie ndama wangu hawajatoka zizini."

"Nakujua, mwanangu," nikasema. Kisha nikashika njia ya nyumbani. Mtu mzima hovyo!

Naogopa. Wanawake niliopanda nao watanicheka mpaka kanisani, na kule msituni hawatanitaka tena. Lakini nimepita kwa Mama Shija sasa hivi, anafunga mizigo kweli, na watoto wanalia.

Nimeshajifunga kanga. Nikimaliza mstari huu naenda kwa mwenyekiti.