Habari za Kupanda na za Kushuka

Irving, Teksasi
Oktoba 2018

Mama Clara,

Anayekuandikia ni mimi mumeo, mwenye miaka sabini na nane, niliyewazika kaka zangu wote pamoja na yule daktari aliyesema sitafika hamsini. Mkono ni wangu, sikuandikiwa na mtu.

Jumamosi Clara alinipeleka kupumzika kwenye ranchi nje ya Fort Worth. Huku watu wanalipa ili wachunge ng'ombe! Nilicheka sana. Wakanivika kofia pana, wakaniletea farasi mzee wa kuongozwa kwa kamba. Nikasema, "Kamba mfungieni mtoto."

"Baba, acha ubishi, na hiyo nyonga yako," Clara akasema.

Nikapanda. Nilifuata ng'ombe mpaka mtoni na kurudi, nimekaa wima kama askofu kwenye kiti chake. Mwenye farasi akaniita kaboi, ndivyo wanavyowaita wachunga ng'ombe wa huku.

Kushuka ndiko kulikonishinda. Mguu ulikataa, Mama Clara. Nilibaki juu pale wenzangu wakienda kula, mpaka Clara akaniinamishia mgongo, akanibeba kama nilivyokuwa nikimbeba yeye. Afadhali angenisema.

Basi ule upasuaji wa nyonga niliokataa tangu Pasaka nimeukubali. Ni Jumanne. Nataka nirudi kwako kwa miguu yangu. Niombee, naogopa kidogo.

Mashahidi wangu ni Clara na yule mzungu mwenye farasi. Waulize habari za kupanda. Za kushuka nimekuandikia wewe tu.

Mumeo,
Wilbroad