Diski Tatu za Mama Kabedi

Kikula, Likasi
Jumapili, tarehe 9 Juni 2019

Mpendwa Yaya Noëlla,

Nakusalimu kwa heshima ya mdogo kwa dada yake mkubwa. Habari za Kisangani? Shemeji Jean-Luc, mgongo wake umepoa? Na bibi arusi wetu Shekina, anakula vizuri, au ameanza kujinyima ili gauni limkae? Mwambie kwetu huku bibi arusi mwembamba anasemwa na shangazi zake wote, kwa hiyo ale.

Sisi hapa wazima. Baridi ya mwezi wa sita imetukamata, asubuhi Philomène ananitoa kitandani kwa kuninyang'anya blanketi, na watoto wanakwenda shule wamevaa soksi mikononi. Kikula ni ileile, vumbi jekundu na foleni ya maji. Tunamshukuru Mungu.

Utashangaa kupata barua wakati kila Jumapili tunaongea kwa simu. Yaya, kuna neno ambalo kwenye simu limenishinda. Mara tatu nimelianza, wewe ukacheka kwa jambo jingine, nami nikalimeza. Wazee walisema mficha uchi hazai, basi leo najivua mbele yako.

Diski za Mama zimekufa. Zote tatu.

Nilikuambia tangu mwezi wa kwanza kwamba ziko salama kabatini, natafuta tu mtu wa kuzibeba. Wasafiri hawakukosekana. Jumapili ile uliyoniomba sauti ya Mama kwa ajili ya harusi, nilizitia kwenye kompyuta jioni ileile. Ya kwanza ilizunguka, ikakwaruza, ikatemwa. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu ilinionyesha uso wa Mama kwa muda wa kuhesabu hadi nne, mdomo wazi, kisha ikaganda. Nimezifuta kwa kitambaa laini, nimezipeleka kwa mafundi wawili wa hapa na mmoja wa Lubumbashi. Wote wamenirudishia kwa huruma, na huruma ya fundi mwenzako inauma kuliko matusi.

Halafu nikaanza kukudanganya. Umeme umekatika, Yaya. Msafiri ameahirisha, Yaya. Njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi ya kwangu nimeivuta miezi mitano. Siku uliyoniambia kwamba umekwisha kuwaeleza wakwe wa Shekina kuwa bibi yake atasikika harusini akiita majina ya ukoo, nilikata simu nikasingizia mtandao. Mtandao ulikuwa mzuri kabisa.

Wewe ndiwe uliyenisihi nimrekodi. Ulisema picha za babu na vyeti vyetu vya ubatizo vilipotea mwaka ule sisi Wakasai tulipofukuzwa, tukalala kwenye kituo cha treni na mabunda yetu, kwa hiyo ukoo mzima umebaki kichwani mwa mtu mmoja. Nilikutii. Mwaka 2012, alasiri tatu, Mama alikaa uani anachambua maharage na kuimba kasala yetu, jina baada ya jina, tangu wale waliobaki Kasai, mpaka yule aliyeletwa na treni kuja kuchimba shaba, mpaka wewe, mpaka mimi. Miaka miwili baadaye tukamzika. Ile sauti ndiyo iliyokuwa kitabu chetu, na ulinipa mimi nikitunze kwa sababu mimi ndiye fundi.

Sasa sikiliza kosa lenyewe, maana si bahati mbaya.

Watu wa Likasi wananijua kwa diski. Mtu akinijia na harusi yake, namshikia diski tupu mbele ya jua na kumfundisha kwa maringo. Ukiona mwanga unapenya kwa vitundu kama kwenye chujio, mrudishie aliyekuuzia. Rangi ya juu iwe imepakwa mpaka ukingoni na isibanduke kwa ukucha. Iwe na jina la kiwanda, na namba zilizochongwa karibu na tundu la katikati, maana karatasi ya juu mtu yeyote anaweza kuichapisha. Nachoma picha ndani yake polepole hata mteja akinuna. Naitazama yote, mwanzo mpaka mwisho, ndipo nafuta kadi ya kamera. Siandiki juu yake kwa biki, kwa sababu ncha ya biki inaijeruhi. Naiweka ndani ya boksi gumu, imesimama, mbali na jua. Na kila kazi natoa nakala mbili, za viwanda viwili tofauti, ili moja ikifa nyingine ibaki.

Hayo nayajua kama sala ya Baba Yetu. Kwa Mama sikufanya hata moja.

Diski nzuri zilikuwepo, Yaya. Boksi zima lilikuwa drooni. Nilikuwa nimewawekea wateja. Nikaona Mama ni wa nyumbani, hatalalamika, nikachukua zile za sokoni, zinazouzwa zikiwa hamsini zimetungwa kwenye kijiti cha plastiki, zisizo na jina la mtu wala la kiwanda, ambazo nilikuwa nawachomea vijana nyimbo za kusikiliza garini. Ilikuwa Ijumaa. Kesho yake nilikuwa na harusi kule Panda na kadi imejaa. Nikachoma kwa kasi ya mwisho, nikafuta kadi bila kutazama chochote. Nikaandika MAMA 1, MAMA 2, MAMA 3 kwa biki, tena kwa kukandamiza. Nikaziweka dirishani ili nisizisahau. Nikazisahau, na jua likazila mwaka mzima kabla Philomène hajaziingiza kabatini.

Watu wananiambia mganga hajigangi, wanacheka, yanaisha. Mimi sitaki kujificha humo. Dawa ilikuwa drooni kwangu nikamnyima mama yangu. Na si mimi peke yangu, sisi wote wa kazi hii tuna desturi hiyo, kizuri cha mteja, kilichobaki cha nyumbani. Philomène ana miaka kumi na minane ndani ya nyumba ya mpiga picha, na hana picha yake hata moja yenye fremu. Sikuwahi kuliona hilo mpaka mwaka huu.

Ni yeye aliyenikuta mwezi uliopita, mchana, nimeshika MAMA 3 nikiigeuzageuza. Nikamweleza yote. Nilidhani atanibembeleza. Akaniambia: “Placide, unaogopa Yaya, na Mama mwenye kuzikwa mu bulongo haumuogope. Acha kulia juu ya plastiki. Fikiri ni nani mwingine alimusikia.”

Hapo ndipo nilipomkumbuka Papa Arsène wa Kapolowe. Huenda humjui. Ni Mkasai kama sisi, analima kule karibu na misheni, na mwaka 2013 nilirekodi harusi ya binti yake. Mama mzazi wa Papa Arsène alikuwa amekwisha kufariki na hakuwa na mzee wa kumwitia mtoto majina, ndipo akaniomba nimlete Mama yetu. Mama alifurahi, akajifunza majina yao kwa Papa Arsène, akavaa kile kitenge chake cha bluu, akaenda.

Nilifunga safari Jumamosi iliyopita. Papa Arsène alinipokea vizuri, akanipa kiti, akaingia chumbani na kurudi na boksi lililofungwa ndani ya kitambaa. Ni diski ileile niliyompa, ya drooni, maandishi yangu juu yake kwa kalamu ya wino laini. Yaya, nikuambie jambo baya kuliko yote. Alipokuwa anaitia kwenye mashine, kuna upande mmoja wa moyo wangu uliotamani ikwame. Ingekwama, ningekuja kwako na kusema diski zote ndivyo zilivyo, zinakufa tu.

Haikukwama. Ilifunguka mara moja, safi, kama imechomwa juzi. Na Mama akatokea amesimama mbele ya watu, mkono mmoja kiunoni, akaimba dakika kumi na mbili bila kujikwaa. Aliwaita baba wa Papa Arsène, na babu zake, na mababu wa babu zake, mmoja mmoja, kila mtu na sifa yake. Hakumwita hata mtu wetu mmoja. Nililia mbele ya wenyeji bila kujali.

Papa Arsène alingoja nimalize, kisha akaniuliza kwa upole tu: “Mama yenu aliita bantu betu muzuri sana. Sasa benu, uliwaweka wapi?” Nikaomba nakala, akakubali.

Barua hii anakuletea Jaël, binti wa jirani yetu, anayekuja huko kusoma. Ndani ya mfuko wake kuna diski mbili za viwanda viwili, nimezichoma polepole na kuzitazama mpaka mwisho, na flash moja ya ziada. Ziweke kabatini, zisimame, usiziache karibu na dirisha. Nafahamu kwamba mimi ndiye mtu wa mwisho wa kukufundisha hayo.

Utakuta pia karatasi yenye mistari kumi na saba. Mama alikuwa akiita majina kumi na saba kabla ya kufika kwako, hesabu hiyo naikumbuka. Majina yenyewe nimekumbuka manne. Wewe ulikuwa mkubwa. Kule kituoni alikuwa akituimbia kasala tukilia njaa, mimi nikisinzia na wewe ukisikiliza. Jaza unayoyakumbuka, hata kama ni mawili. Nikasirikie, una haki, lakini karatasi usiitupe.

Kuhusu wakwe wa Shekina, usibebe aibu yangu. Ukitaka nitawapigia simu mwenyewe na kuwaambia ni mimi niliyeharibu. Na kama Shekina atataka kumsikia bibi yake siku hiyo, hata akiita watu wa watu, ni juu yake. Mwombee mjomba wake msamaha kwa maneno unayoyajua wewe.

Nisalimie Shemeji Jean-Luc kwa heshima zote. Mbusu Shekina mashavu yote mawili. Philomène anakusalimu na anasema mwezi wa nane, harusini, atakuja na mimi nikipenda nisipende. Papa Arsène naye, ingawa hamjuani, anawatakia harusi njema.

Limebaki jambo moja, na ni heri ulisikie kwangu kabla hujalikuta mwenyewe. Usizime diski kasala inapokwisha. Acha ngoma ipite, acha na sahani zigawiwe. Utamwona Mama ameketi na chakula chake, halafu anageuka na kutazama kamera moja kwa moja, anasema: “Placide, acha ile mashini. Kuya ule. Bantu bote banakula, weye tu iko nasimama.”

Na nyuma ya kamera utasikia sauti yangu ikimjibu, ya haraka, ya mtu aliyesumbuliwa: “Ngoya kwanza, Mama. Hii ni kazi ya bantu.”

Katika yote niliyowahi kumwambia Mama, ni hilo tu lililohifadhiwa, na nililihifadhi kwenye diski nzuri.

Mungu aliyetutoa kituoni salama aifunike nyumba yako, akuongezee miaka, na aulainishe moyo wako kwangu.

Ni mimi, mdogo wako akupendaye na aliyejaa haya,

Placide