Jenereta Niliyoiteremsha kwenye Lori

Baba yangu, shikamoo. Mama naye shikamoo. Najua anayewasomea ni mdogo wangu Zaina, basi Zaina, soma polepole na usiruke kitu. Mimi huku Singida mjini ni mzima, ila vumbi na upepo tu. Huko Rungwa mnaendeleaje? Mguu wako baba unasemaje, umeanza tena kupanda kukagua mizinga?

Kabla ya habari nyingine, tafadhali usimkasirikie dereva wa lori la asali. Jenereta niliyokuahidi hakuiuza njiani. Niliiteremsha mimi mwenyewe. Najua umeshawatangazia majirani wote kwamba Idi anawawashia taa, na mama ameshatafuta pa kuiweka. Hapo pa kuiweka ndipo penye maneno.

Unakumbuka nilivyolalamika juu ya mgao wa umeme. Tangu serikali ifungulie milango bidhaa za nje, watu hapa wananunua friji kama wanavyonunua sufuria, na nyumba za wageni zimeweka viyoyozi na hita za maji ya kuoga. Nilidhani nimeula. Kumbe umeme ukikatika, na fundi friji anakatika. Nani ataniita kutengeneza friji iliyogeuka kabati la nguo? Nilikuwa karibu kufunga kibanda nirudi kwako kwenye mizinga, na unajua ninavyoogopa nyuki! Ndipo nikaanza kufunga majenereta. Mteja ananunua mashine, mimi natandaza nyaya na kuweka swichi ya kuchagua umeme wa nguzo au wa mashine, na friji yake inaendelea kugandisha. Kazi ikafufuka.

Mmoja wa wateja hao ni Mzee Ntandu, Mnyaturu mwenye bucha karibu na stendi. Yeye na mkewe wanaishi nyuma ya bucha hiyo. Nilimfungia jenereta uani, chini ya bati, nikamwambia isiingie ndani kwa sababu moshi wake ni mbaya. Akacheka.

"Moshi? Fundi, mimi nimekulia kwenye tembe. Jiko ndani, ng'ombe ndani, na sisi wenyewe ndani. Mbona sikufa?"

Nikamwambia huu si wa kuni, hata usipouona upo. Akajibu sawa, sawa, kama mtu anayemnyamazisha mtoto.

Sasa sikia. Asubuhi moja wiki iliyopita nilipeleka jenereta yako kwenye lori, nimeiviringisha blanketi, dereva akaifunga kamba vizuri. Nikapita buchani ninunue maini. Nikakuta watu wamesimama nje wanagonga, wananung'unika kwamba mzee leo amepitiwa na usingizi. Nikasikia jenereta inanguruma. Sauti haikutoka uani, ilitoka ndani ya nyumba.

Baba, niliwapigia kelele wale watu. Tulivunja mlango. Mashine ilikuwa chumbani, karibu na kitanda, na dirisha limezibwa kwa gunia kuzuia baridi. Mzee na mkewe walikuwa wamelegea kama nyuki waliopigwa moshi. Nikaizima, tukawabeba hadi uani. Upepo huu wa Singida ninaoulaani kila siku, siku ile niliushukuru. Mama Ntandu akatapika, kisha mzee akakohoa, nami nikalia mbele za watu bila aibu.

Na unajua neno lake la kwanza lilikuwa nini?

"Fundi, mashine mmeiacha na nani?"

Nikamuuliza kwa nini aliiingiza. Akanishangaa mimi. "Mali kama ile ilale nje, kwani mimi sina nyumba? Hata ndama mgonjwa baba yangu hakumlaza nje."

Hapo nikakuona wewe. Wewe ambaye baiskeli yako inalala chumbani, na mbuzi wanapumua pembeni ya mama! Majirani walipowachukua wagonjwa kwenda hospitali, mimi nilikimbilia kwenye lori. Dereva alikuwa ameshawasha injini. Nilipanda juu nikakata kamba, akaniuliza kama nimerukwa na akili. Nikaishusha pamoja na blanketi lake.

Wote wawili wametoka hospitali, Mungu ashukuriwe. Nimewajengea zizi la tofali mbali na nyumba kwa ajili ya ile mashine, lina mlango wa chuma, na mlangoni nimening'iniza kengele ya ng'ombe, mwizi akiugusa ilie. Mzee anasema sasa analala akiisikiliza. Wateja wengine wameiona, na wao wanataka zizi na kengele. Kwa hiyo kazi ipo, usinihofie.

Jenereta yako nimeisukuma chini ya kitanda changu, haina hata tone la petroli. Ndiyo, inalala ndani, nimekurithi wewe. Nitaileta mwenyewe baada ya urinaji wa asali, na sitaiwasha kabla sijaijengea zizi mbali na dirisha la mama.

Msalimie bibi, mwambie dawa ya macho naitafuta. Mjomba mchonga mizinga mwambie shoka lake bado ninalo, asiniseme vibaya. Zaina, ukimaliza kusoma uninyweshee mbuzi wangu.

Baba, mpaka nifike, koroboi itoshe. Watu wakikucheka kwamba mwanao ni mwongo, waache wacheke. Mimi nataka nikifika nikukute upo, unachekwa.

Ni mimi mwanao Idi,
fundi friji, na sasa mjenzi wa mazizi