Sidi ya Pili ya Harusi ya Cate

Soko la Sosiot,
Jumapili, 16 Machi 2025.

Kwa kaka yangu Morris,

Pokea salamu zangu wewe, shemeji Bilhah na watoto wote hapo Keroka. Mgongo wako unaendeleaje? Dada Cate aliniambia unabeba magunia ya kinu mwenyewe kana kwamba bado una miaka ishirini. Sisi huku tuko salama. Mama miguu inamsumbua asubuhi kukiwa na baridi, lakini mdomo haujapungua hata kidogo. Juzi alimfukuza mtu wa maziwa kwa sababu ati mtungi wake unanuka. Mvua imeanza na majani ya chai yamechipuka vizuri.

Utashangaa kupata barua ya mkono siku hizi, tena kutoka kwangu. Ninayotaka kukuambia hayasemeki kwa simu. Nilijaribu mara mbili, ukaitika, nikaishia kukuuliza bei ya mahindi. Barua hii inakuja pamoja na sanduku lililofungwa kwa kamba ya manila. Tafadhali, usilifungue kabla hujamaliza kusoma. Najua haraka yako. Weka kisu chini.

Nataka kukueleza kuhusu Baba na harusi ya Cate. Tafadhali usiikunje barua. Najua ulishasema hutaki kusikia habari hiyo tena, na najua unaamini Baba alisherehekea siku nzima bila kutaja jina lako. Nipe nafasi nianze na kazi yangu, ndiyo njia ninayoijua.

Bado niko kwenye kile kibanda karibu na stendi ya boda, bado natengeneza deki. Watu hunicheka. Lynn, binti wa Cate, huniita mlinzi wa makumbusho, ati nani bado anatazama VCD wakati kila kitu kiko kwenye simu. Mimi humjibu kwamba wanaotazama ni watu ambao harusi zao, ubatizo wao na matanga ya wazazi wao yako kwenye zile sidi peke yake. Wanaleta mashine zimefungwa kwa shuka. Sidi nyingi za zamani, kompyuta za saiba zinazikataa kabisa, na hata deki mpya zinazizungusha tu na kuandika hakuna kitu. Zile mashine za kwanza, zile nzito, ndizo zinazozisoma. Kwa hiyo sikubali zife. Nyuma ya kibanda nina deki mbovu thelathini na kitu, na kutoka kwa hizo natoa jicho la kusomea, au meno ya trei, au mota, naweka kwenye iliyo hai. Mpira wa kuvuta trei ukilegea, nakata mwingine kutoka tyubu ya baiskeli. Jicho nalisafisha kwa pamba na spiriti, na likiwa limechoka kuna skrubu moja ndogo ya kuliongezea nguvu. Ukiikaza kidogo sana linaona tena. Ukizidisha, umeliua.

Na kuna desturi yangu moja ambayo wateja wanaijua. Deki ikija trei imekwama na sidi imo ndani, mimi huomba ruhusa kutazama ni sidi gani kabla ya kuirudisha. Wanadhani ni udaku. Acha wadhani.

Mwezi uliopita alikuja Kogo Taprandich wa Kimulot. Unamkumbuka? Ni shangazi yake Kiptum, mume wa Cate, yule aliyecheza na chupa ya soda kichwani kwenye sidi uliyotazama. Sasa ni mzee sana. Alikuja kwa boda na deki mapajani, imefunikwa kitambaa cha kufuma, akanisalimia, akakaa, akanywa chai yangu yote kabla ya kusema shida yake. Akasema mashine hiyo ilikwama mwaka uliofuata harusi, ikiwa imemeza sidi ya kuazima. Si unajua jinsi sidi za harusi zilivyotembea siku hizo, kutoka nyumba hii hadi ile, kila mtu akitafuta kujiona akicheza. Basi yeye alikuwa ameazima, ikakwama, akaona aibu kumwambia mwenyewe. Alipoulizwa akasema alishaipitisha kwa mtu mwingine. Akaipandisha mashine juu ya kabati, akaifunika, ikakaa huko miaka yote hiyo kama chungu cha mapambo. Sasa amezeeka, akasema, na hataki kufa na mali ya watu.

Morris, nilishika bisibisi kabla hajamaliza kusema. Sidi zile za harusi, Ombati wa studio, aliyepiga video, alitoa jozi mbili tu, moja ya kwetu na moja ya upande wa Kiptum. Ya Kiptum niliifuata miaka yote. Mama mkwe wa Cate alinielekeza kwa jirani, jirani akanielekeza kwa mwalimu wa kwaya, mwalimu akanielekeza kwenye majumba ya wafanyakazi wa chai, na huko njia ikapotea. Ombati nilimtafuta hadi kwao. Mikanda ya kamera alikuwa ameirudia kwa harusi za watu wengine zamani. Nikabaki kungoja deki zilizokwama.

Nilifungua ile ya Kogo. Mpira ulikuwa umeyeyuka kama lami. Chini ya vumbi kulikuwa na sidi safi bila mkwaruzo, maana ilikuwa imefungiwa mle ndani, na juu yake karatasi yenye picha ya Cate na Kiptum, na maandishi ya Ombati: SEHEMU YA PILI.

Ndiyo. Kulikuwa na sehemu ya pili.

Sasa nakuja kwenye lile ambalo limenifanya fundi wa deki, na naomba uniruhusu niliseme lote bila kujitetea.

Harusi ilipokwisha na sidi kutoka, Baba aliniita jikoni akanipa jozi yetu, zote mbili. Akasema sisi wengine tulikuwepo, tuliona kwa macho yetu, hatuhitaji. Akasema nikutumie wewe, zote mbili, na nisicheleweshe. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimeanza chuo na nilikuwa na sanduku jipya la bati, na nilitaka ile picha ya Cate katika gauni niibandike ndani ya kifuniko, wasichana wengine waione. Ikanijia kwamba karatasi ya juu ni ya bure tu, kwamba harusi iko upande wa chini unaong'aa. Basi nikachukua ile ya pili, nikaanza kubandua karatasi kwa ukucha kutoka pembeni. Ikatoka vizuri. Nikaigeuza, nikaona imetoka na utando wote wa fedha wa ukingoni. Nilipoinua sidi dirishani niliona bustani ya Mama upande wa pili.

Siku hizi nawaambia wateja kila siku: harusi yako iko chini ya karatasi, kwa hiyo usibandue. Siku ile hakukuwa na wa kuniambia. Niliiweka kwenye deki. Sidi husomwa kutoka katikati kwenda nje, kwa hiyo ilicheza vizuri, watu wakala, keki ikakatwa, na Baba aliposimama kuzungumza, picha ikavunjika vipande vipande ikaganda. Nilirudia mara kumi. Kila mara aliganda mdomo ukiwa wazi.

Niliogopa. Nikakutumia sidi ya kwanza peke yake. Ulipopiga simu ukauliza kama kuna nyingine, nikakuambia hakuna, betri ya kamera iliisha watu walipokuwa wakielekea kwenye hema la chakula. Baba aliponiuliza kama nimetuma zote mbili, nikamwambia ndiyo. Siku moja, uongo mara mbili, na nikalala usingizi.

Wewe ukatazama dansi na vigelegele, ukaona hakuna anayekuulizia. Cate alipokupigia ukamwambia umeiona sidi na asikutajie tena. Yeye na Mama wakaelewa kwamba umeyasikia maneno ya Baba na umeyakataa. Kila Jumapili Baba aliuliza kama Morris amepiga. Baada ya mwaka aliacha kuuliza. Alimwambia Mama kwamba ameomba mbele ya watu, mtoto amesikia, mtoto amekataa, asisumbuliwe. Ndivyo alivyokufa, akiamini hivyo. Na siku tulipomzika ulikuja ukasimama nyuma, karibu na ua, ukaondoka kabla ya chakula. Nilikuona. Nilikuwa na maneno yote mdomoni na sikukufuata. Kosa lile la ukucha lilikuwa la mtoto. Lile la siku ya mazishi lilikuwa la mtu mzima, na hilo ndilo linalonitesa.

Sasa sikiliza alivyosema, kwa sababu nimeitazama mara nyingi kuliko ninavyoweza kukuambia. Alisema alipokukataza kumwoa Bilhah, ati kwa kuwa binti wa Mageto si wa kabila letu, alikuwa mjinga aliyevaa kofia nzuri. Alisema ameshinda siku nzima kwenye boma la watu wa Kimulot, wamempa maziwa ya mursik na kiti cha mbele, wamemchukua binti yake kama wao, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza yeye ni mtu wa wapi, na aibu imemshika mpaka chakula hakishuki. Kisha akavuta kiti kilichokuwa tupu kando yake, akakigeuza kikatazama kamera, akasema hicho ni cha Bilhah, na wewe utasimama nyuma yake kama mwanamume aliyebahatika. Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema Morris, mimi ndiye niliyekosa, leta mke wako nyumbani. Akakaa. Kile kiti kikabaki tupu mpaka mwisho wa picha, na mtu alipotaka kukikalia, Baba alimzuia kwa mkono.

Mama nimemwambia. Nilitaka kukuandikia wewe kwanza, nikaona nitakuwa nakimbia tena. Nilimwambia Jumatano, akiwa anachambua maharagwe. Hakupiga kelele, na ungejua jinsi nilivyotamani apige. Alimaliza maharagwe yote, akaniuliza kama mashine inafanya kazi, akasema niiwashe. Alipoona Baba akivuta kile kiti aliniambia nirudishe nyuma, nirudishe tena. Hajaniita kwa jina tangu siku hiyo. Ananiita wewe. Ananipa chai lakini. Nitangoja.

Cate naye amelia, kisha akanigombeza, kisha akasema nirekodi kwa simu nikutumie upesi. Nimerekodi, ipo, iwapo hii itagoma njiani. Lakini Baba hakunituma kipande cha simu. Alinituma sidi mbili, na nilipeleka moja. Hii ndiyo ya pili. Kogo Taprandich amekubali ije kwako, na Kiptum amesema ni yako kuanzia leo.

Sikuombi uje, wala sikuwekei masharti. Nimekuzuilia cha kwako vya kutosha. Ukitaka kunitukana, nipigie, nitaitika na sitauliza bei ya mahindi. Usiponisemesha tena, nitaelewa, ingawa nitaumia sana, na sidi bado ni yako.

Sasa fungua sanduku. Deki hiyo nimeijenga kutoka kwa mashine tatu, jicho lake ndilo bora nililowahi kuwa nalo, nililiweka kando miaka minne kwa ajili ya siku hii. Waya ya njano ni ya picha. Nyekundu na nyeupe ni za sauti. Sidi imo ndani tayari, usiitoe. Na tafadhali, usitazame peke yako, muite Bilhah, umpe kiti mbele ya televisheni, maana maneno ni yake kwanza. Baba anasimama baada ya keki. Usiruke mbele.

Wasalimie watoto, uwaambie wana shangazi anayetengeneza vitu vya kale na aliyewahi kuharibu kimoja. Mpe shemeji mkono wangu, kama ataupokea. Mama hajaniambia nikuandikie salamu zake, lakini asubuhi hii nimekuta ametoa viti viwili vizuri nje, anavipangusa.

Mimi mdogo wako,
Wakonyo.

Ukishabonyeza, itazunguka kwa muda mrefu kabla ya kuonyesha picha. Usiizime ukidhani imekufa. Inatafuta mwanzo. Ipe nafasi.