Tulivyokata Kona Kabla ya Kedowa

S.L.P. 17,
Litein.
14 Septemba 1996.

Mpendwa Kaka Weldon,

Chamgei! Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi Nelvine na watoto. Joto la Gaborone limewahurumia kidogo? Uliandika kwamba mdogo ana kikohozi. Tumemwombea kanisani, na Mama amesema nikuulize kwanza kama amepona, ndiyo nianze maneno yangu.

Sisi huku tuko salama. Baba mgongo unamsumbua asubuhi, lakini jua likishapanda utamkuta shambani akitukaripia kwamba tunachuma majani yaliyokomaa. Mvua imekuwa nzuri, chai inachipuka mpaka vidole vinatuuma. Mama anasema angekutumia maziwa ya mursik kama watu wa posta wangekubali kubeba kibuyu.

Sasa niingie kwa jambo lenyewe. Najua Aron ameshakuandikia kwamba dada yako aliongoza mashindano ya baiskeli siku tatu, halafu akayatupa mwishoni kama mtu aliyelogwa. Aron ni ndugu yetu na ninampenda, lakini yeye alikuwa amesimama kwenye utepe wa kumalizia akila mahindi. Hakuona kitu. Mimi nilikuwepo, kwa hivyo nisikilize mimi.

Mashindano yaliandaliwa na klabu ya michezo ya hapa kwetu. Baiskeli ni zile za gia zenye matairi mapana, si Black Mamba ya Baba. Siku ya kwanza ni kutoka Litein mpaka Boito, ya pili kutoka Boito mpaka Kericho mjini, ya tatu kutoka Kericho mpaka Kedowa, na njia karibu yote ni ya udongo. Kila timu ina watu watatu, na lazima wamalize pamoja. Timu itakayoshinda inapewa ng'ombe, mtamba wa Friesian.

Timu yangu ilikuwa mimi, Tabby na Bosire. Tabby unamkumbuka, binti wa Mzee Kiarie mwenye duka la vipuri vya baiskeli. Bosire ni mwalimu kutoka Kisii aliyeletwa shule yetu ya msingi juzi juzi, mtu wa mzaha, lakini akipanda mlima hasemi neno. Walinichagua mimi niwe kiongozi. Sikukataa. Miaka yote ninayopeleka maziwa sokoni kwa baiskeli alfajiri, miguu yangu ilikuwa inangojea kazi kama hii.

Kabla hatujaondoka, wanaume fulani pale stendi walisema timu yenye wasichana wawili haitafika hata Mogogosiek. Tabby akawauliza, "Na nyinyi mtafika wapi mkiwa mmekaa hapo?" Watu wakacheka.

Mvua ilitunyeshea tangu mto Itare. Tope likajaa kwenye matairi mpaka tukawa tunalitoa kwa vijiti. Lakini nikuambie bila haya, Kaka, mlimani hapakuwa na wa kutuweza. Tuliingia Boito wa kwanza, tumepakwa tope mpaka meno, na akina mama waliokuwa wakipeleka majani ya chai kituoni waliweka vikapu chini wakapiga vigelegele.

Siku ya pili nilianguka. Tulikuwa tunateremka kati ya mashamba ya chai, nikaingia kwenye mtaro, goti likapasuka. Tabby alilifunga kwa kitambaa chake cha kichwa, akakaza mpaka nikapiga kelele. "Lia sasa," akaniambia, "ukipanda baiskeli hutapata nafasi." Tulifika Kericho bado tukiongoza, ingawa kidogo. Nilijua goti litastahimili, na mtamba nilishampa jina kichwani.

Asubuhi ya tatu Tabby hakunywa chai. Nikadhani ni uchovu. Tulipopita Chepseon watu walikuwa wamejaa kando ya njia, na timu iliyotufuata haikuonekana nyuma. Bosire akaanza kuimba. Ndipo tukafika kwenye kona moja kabla ya Kedowa, ambapo njia ya mashindano inapanda kulia na njia nyingine ya ng'ombe inateremka kushoto. Tabby akafunga breki, akashuka.

"Ni cheni?" nikamuuliza.

"Hapana." Alikuwa anatazama kule chini. "Mama yangu yuko huko."

Kaka, wewe ulikuwa umeshaondoka, labda hukuyajua yote. Shamba la akina Tabby lilikuwa Kedowa. Duka la Litein lilikuwa la biashara tu, lakini nyumbani ni huko. Mama yake, Priscillah, alifariki kwa ugonjwa akazikwa hapo shambani. Udongo wa kaburi haujakauka vizuri, vurugu za tisini na mbili zikaja, Wakikuyu wakafukuzwa, nyumba yao ikachomwa, wakatoroka na nguo walizovaa. Tangu siku hiyo hakuna hata mmoja wao aliyerudi. Mzee Kiarie hata jina la Kedowa halitaji. Tabby naye alikuwa amekubali mashindano akidhani ataweza kupita tu.

"Nyinyi endeni," akatuambia. "Mimi nitawafuata."

"Tuende wapi bila wewe?" Bosire akamjibu. "Timu ni watu watatu."

Pale kona palikuwa na mwamuzi, kijana wa bendera nyekundu. Akatukimbilia. "Mnangoja nini? Njia ni hii ya juu. Mkikata hapo chini nitaifuta timu yenu!"

Nitakuambia ukweli kama ulivyokuwa. Niliutaka ule mtamba. Nilishamwambia Mama atafungwa wapi. Nilitaka pia wale wanaume wa stendi wanione nikimvuta kwa kamba. Nilimtazama Tabby nikaona hawezi kuondoa macho kule chini, yule Tabby ambaye tope na mvua havikumtikisa. Nikajua kwamba akipita hapo leo, hatarudi tena maisha yake yote.

Nikamgeukia kijana wa bendera. "Futa, basi."

Tukateremka.

Shamba lilikuwa limelimwa. Mahindi yamesimama vizuri, na viazi upande wa chini. Mahali pa nyumba palikuwa na majani tu. Katikati ya mahindi alitokea kogo mmoja, bibi kizee mwembamba mwenye jembe, kilemba cha buluu kichwani. Akatuona watu watatu wenye tope na namba vifuani, akaogopa.

"Nyinyi ni watu gani? Mnatafuta nani hapa?"

Tabby alimjibu kwa Kikipsigis, kile cha Kedowa alichokulia, bila kukosea hata neno. Akataja jina la mama yake. Kogo akaliangusha jembe.

"Wewe ni mtoto wa Priscillah," akasema. Akamshika Tabby uso kwa mikono miwili yenye udongo. "Mimi ni Chemutai. Jirani. Umesahau mimi?"

Akatupeleka nyuma ya mahindi. Kaburi lilikuwa pale, Kaka, limezungushiwa seng'enge, nguzo zimesimama wima, limepaliwa safi, na maua meupe kichwani. Hata unyayo wa mbuzi hakuna. Sisi tulikuwa tumejiandaa kukuta pamelimwa juu yake.

Tabby alipiga magoti. Hakulia kwa sauti. Kogo Chemutai akasimama pembeni, akasema polepole, "Ile moto ilinishinda. Nilipiga kelele, hakuna mtu alisikia mimi. Lakini hii haikunishinda."

Bosire aligeuka akatazama milima. Mimi nililia, na sioni haya kukuambia.

Kogo alitupikia viazi, akatutilia maziwa. Tulipofika Kedowa utepe ulikuwa umeshakunjwa na hotuba zimekwisha. Kijana wa bendera alikuwa amefuta kweli. Mtamba alikwenda kwa timu nyingine, na kiongozi wa timu hiyo alikuja akanipa mkono, akasema anajua walimpata kwa sababu hatukuwepo. Nikamwambia hata mimi najua. Mwakani waje wamejiandaa.

Aron alinikaripia njia nzima mpaka Litein. Lakini Tabby alimweleza baba yake mambo yote. Mzee alifunga duka mchana wa soko, jambo ambalo hakuna mtu amewahi kuliona, akaingia ndani. Tuliogopa kwamba tumemuumiza. Siku mbili zikapita. Kisha jioni akamuuliza Tabby swali moja tu: "Maua gani?"

Jumapili iliyopita alikwenda. Nilimsindikiza pamoja na Tabby. Alikaa kaburini muda mrefu peke yake, halafu akakaa na Kogo Chemutai chini ya upenu wa nyumba yake, wazee wawili wakizungumza mambo ya mvua na mbegu kama watu walioachana jana. Wamepatana kogo aendelee kulima upande wa juu, na upande wa chini Mzee Kiarie atapanda mwenyewe msimu ujao. Yako mengi ambayo hayajasuluhishwa bado, na wako watu kule waliotutazama vibaya tukipita. Lakini mzee alipita.

Alirudi na gunia la viazi. Jumatatu alisimama mlangoni mwa duka akawagawia majirani, Wakipsigis na Wakisii na Wakikuyu, kila mtu na kikapu chake. Mama alipofika, alimjazia mpaka vikamwagika. Mama akamuuliza amevinunua wapi vizuri hivi.

"Sikununua," Mzee Kiarie akamwambia. "Vimetoka kwangu, Kedowa."

Baba na Mama wanakusalimu sana, Aron pia, na Bosire anasema atafurahi kukujua. Tabby anamsalimu wifi. Wabusu watoto kwa niaba ya shangazi yao. Mungu awalinde ugenini, awape kazi yenye heshima na usingizi mtamu, na akuonyeshe njia ya kurudi wakati utakapotaka.

Mimi dada yako, nikupendaye bila kupungua,
Rodah