Magunia Uliyotia Sahihi Kabla ya Wino

Papa Ilunga,

Nina hasira na wewe, bora nianze na hilo. Tangu tukuzike, karakana yetu ya kuchapa picha hapa Doornfontein inapata wageni wengi kuliko ulipokuwa hai. Wale matajiri wa Sandton, waliosema picha zilizochapwa kwenye magunia ya unga si sanaa, sasa wanazitia kwenye fremu za kioo na kukuita bingwa. Eti bingwa.

Unamkumbuka yule dada Mchikano wa Los Angeles, mjukuu wa Wameksiko, aliyetueleza kwamba wenzake wanachapa picha hata juu ya chapati zao za mahindi? Ulicheka mpaka ukakaa chini. Kesho yake ukaja na magunia ya unga wa bukari, ule ugali wa kwetu, kutoka kiduka cha spaza mtaani. "Hao wako na chapati, sisi tuko na bukari. Riziki, leta wino." Tukachapa nyuso za walinzi na wasusi wa kwetu, siku zile sisi wahamiaji tulipokuwa tunafukuzwa mitaani. Nilikuwa na furaha, Papa.

Wiki iliyopita wakala wa hao wa Sandton, Kamau, alileta magunia matupu. Hayana picha, ila pembeni kuna sahihi yako, imetetemeka. Kumbe walikufuata hospitali uyatie sahihi. Wewe, uliyekuwa huandiki jina lako mpaka wino ukauke na kazi uikague! Labda hukuona unachoandika. Naumia kufikiri kwamba labda uliona vizuri tu.

Kamau akaniambia, "Dada, wewe chapisha tu. Nani atajua?"

Kitambaa cha fremu yako ya mwisho ya kuchapia bado kilikuwa na sura ya mkeo, tayari kuchapwa. Mama Sifa mwenyewe alikuwa amekaa mlangoni. Nilimtazama. Aliinuka akaenda kufungua bomba la maji.

Nikamwaga dawa ya kufutia kitambaa, nikasugua mpaka sura yake ikafutika yote. Kamau alilalamika sana. Nikamkunjia magunia yake nikampa. Jina lako wanalo, wakalitundike ukutani hivyo hivyo.

Mama Sifa alilia jioni. Mimi nililia nikiosha meza.

Lala, Papa. Sijakusamehe bado, na sijui lini. Lakini nakuahidi, maadamu mimi ndiye ninayeshika wino hapa, hakuna picha itakayotoka kwa jina lako nawe hupo kuitazama.

Riziki