Siku Uliyotupita Stesheni

Kwa kaka yangu mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na watoto. Sisi huku tunapumua. Nikisema zaidi ya hapo nitakuwa nakudanganya.

Stesheni yetu ungeiona usingeijua. Tangu ninyi wa treni mlipoacha kuchukua abiria hapa, stesheni masta amehamishwa, dirisha la tiketi limepigiliwa mbao, na kwenye chumba cha kusubiria wamelala mbuzi. Mama muuza chai bado anakuja na birika lake. Anasema akishinda nyumbani atagombana na mumewe.

Kidonda cha mama yetu unakijua. Kliniki alikuwa akienda kwa treni, mguu ameunyoosha kitini, anarudi jioni na umbea wa behewa zima. Treni ilipokatazwa kusimama nikampakia pikipiki, barabara ikamtikisa mpaka bandeji ikalowa damu. Akaapa hapandi tena. Akasema ahangaike ya nini, na dereva wa treni ni mwanawe wa kumzaa. Akimwona tu, atasimama. Nilimweleza kwamba amri si yako, na kwamba ukisimama utafukuzwa kazi. Hakunisikia.

Basi akavaa gauni lake la buluu, akajipaka mafuta, nikamshikilia akikongoja hadi stesheni. Majirani wakatufuata kutazama. Ulipotokeza kwenye kona akasimama kwa fimbo, akainua mkono. Ukapiga honi, ukapita. Kaka, nilikuwa karibu na reli kiasi cha kuziona ndevu zako. Ulitutazama, halafu ukageuza uso upande wa pili, kama hatujuani. Mimi sikutaka usimame. Ungetupungia mkono tu.

Mama aliwaambia majirani kwamba yule hakuwa wewe, kwamba wewe ni mwembamba kuliko yule. Njia nzima ya kurudi akairudia kauli hiyo, nami nikawa naitikia.

Kliniki hakwenda tena. Mguu ukaanza kunuka, akawa anaufunika kwa khanga nikiingia chumbani. Siku tulipomlaza nyuma ya pikapu ya muuza mkaa na kumfikisha hospitali, daktari akasema tumechelewa. Kaka, mama amekatwa mguu, chini ya goti.

Amenikataza kukuambia. Alitaka nikuandikie kwamba aliteleza kidogo na anaendelea vizuri. Nilipokataa akalia, na hapo ndipo aliponieleza kwamba siku ile alikujua hata kabla hujafika karibu, kwa jinsi unavyoinamisha shingo kama marehemu baba. Akasema ulipogeuza uso alijua unalia, maana tangu utotoni hupendi kuonekana ukilia.

Hayo ni ya mama. Mimi sikuona machozi. Niliona shavu.

Msalimie wifi, na watoto uwabusu. Mama anakusalimu sana, anauliza kama unakula vizuri safarini. Salamu zangu mimi sizitumi. Njoo uzichukue mwenyewe, na uje kwa barabara.

Mdogo wako,
Kitindamimba